Mfuko wa Kushoto

Mwaka 1993, mwezi wa kumi, nilikuwa na miaka thelathini na moja. Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi. Alipanda lori kwenda bara kufungua injini ya mtu, wiki ileile nchi ilipovunjika, na wala lori wala yeye hatukuwaona tena. Nilibaki na watoto watatu, wa kwanza Idi, sufuria mbili na darasa la tatu. Hilo darasa la tatu sioni aibu kuliandika. Herufi nilizifuata kwa kidole, moja moja. Tarakimu nilizijua vizuri, na kwa kazi yetu tarakimu ndizo zinazolisha.

Nimeondoka kwenye mashini mwezi uliopita, magoti yamekataa pedali. Nawaandikia nyinyi wasichana mnaobaki nyuma ya lile pazia la kupimia. Nililipwa kiasi gani na nilipandishwa lini, hayo hayatawasaidia. Nataka mjue kuhusu mfuko.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Mwamini, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa harusi. Barabara yetu ilijaa mafundi wanaume waliokaa barazani wakishona suruali na kanzu. Kifua cha mwanamke hawakukigusa. Kilikuwa chetu. Mama Mwamini ndiye aliyeshona sutiye, ile ambayo wa vitabuni huiita sidiria, kwa wanawake ambao za dukani haziwakai: waliozaa wengi, wanene, na wale ambao Mungu aliwapa huku zaidi ya kule. Walitoka Nyakabiga, walitoka hata Kiriri kwa magari yao, wakaacha viatu mlangoni kama sisi wote.

Siku ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa metre, ile kamba ya kupimia, akaniambia nimpime yeye. Nikaizungusha kifuani kama mtu anayefunga gunia. Akaniuliza kama nanunua mbuzi. Kisha akanionyesha: unaanza katikati ya kifua, unapita juu ya titi, unaishia kwenye mshono chini ya kwapa. Kushoto peke yake, kulia peke yake. Unaandika namba mbili, kwa sababu hakuna mwanamke aliyezaliwa na matiti pacha. Na unapima mwili, hupimi nguo. Mteja anavua kila kitu, wewe unamwangalia begani, usoni usimwangalie.

Nikaandika namba zake za kwanza kwenye daftari, kaye kama tunavyosema. Kushoto 24, kulia 24. Akacheka kwamba ameharibu somo, yeye ndiye aliyezaliwa na mapacha.

Vita ikaingia ndani ya mji. Sitaieleza, aliyekuwepo anajua na asiyekuwepo ashukuru. Nitaeleza ilivyoingia kwenye sutiye. Watu walikimbia mara mbili kwa wiki. Mwanamke anayekimbia anabeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, mikono haina nafasi, na bila karangamuntu, kile kitambulisho, huvuki bariyeri, vile vizuizi vya wanajeshi, hata moja. Basi wakaanza kutuomba mfuko ndani ya sutiye. Karangamuntu, cheti cha ndoa, karatasi za watoto, vyote kwenye plastiki, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia uvitoe upesi. Tulishona mifuko mpaka nikaota mifuko. Lastiki ilipokosekana mjini tulikata mipira ya ndani ya matairi tuliyopewa na magereji. Zilishika vizuri. Zilinuka lori, lakini mwaka ule nani alikuwa ananusa.

Hapo ndipo tulipoharibu kazi, na naandika tulipoharibu, mimi na yeye. Mteja alikuwa hataki tena kuvua. Akisikia mlio wa risasi kule milimani atakimbia, na karatasi zake atazikuta wapi? Mama Mwamini akasema tupime juu ya sutiye ya zamani, mfuko ukiwa umejaa, kisha tupunguze kidogo. Sheria yake mwenyewe ya kupima mwili akaiweka kando. Mimi nikafurahi, kazi ilienda haraka.

Mama Mwamini naye akataka mfuko wa kwake. Nikampima juu ya nguo. Kushoto 25, kulia 24. Nikasema moyoni, karatasi. Mwaka uliofuata akataka mfuko mpana zaidi, na ndani nitie flaneli, plastiki inamtokea jasho. Kushoto 26. Baadaye tena, mpana zaidi, flaneli mara mbili. Kushoto 28, kulia 24 vilevile. Nilimtania kwamba anabeba karatasi za mtaa mzima, labda amekuwa msajili wa vizazi. Akacheka. Nakumbuka alivyocheka, alishika ukingo wa meza.

Alianza pia kuchoma udi dukani tangu asubuhi, na nguo zake kuzitia karafuu. Nilidhani ni mjane anajitunza. Wateja walisifu. Mimi nikajisifu kwa ule mfuko, ulikuwa mshono mzuri, haukuonekana kwa nje hata kidogo.

Mwaka 1997, mchana, tulisikia milio kutoka milimani. Wateja wawili walikimbia bila viatu. Nikabeba kichwa cha mashini kama tulivyozoea, nikamwita Mama Mwamini. Hakusimama. Alikuwa kwenye benchi, uso umekuwa wa majivu, jasho linatiririka. Nikaweka mashini chini. Nikamfungua vifungo apate hewa, na nikatia mkono mfukoni nimwokolee karatasi zake kwanza. Kichwa changu kilikuwa cha vita, kilifikiria karatasi.

Mfukoni hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na nepi ya mtoto iliyokunjwa mara nne, imelowa, rangi ya chai. Chini yake, pale pa titi, sikuliona titi. Niliona kitu kigumu, chekundu na cheusi, kimepasuka katikati, na harufu ambayo udi wote ule ulikuwa unaifunika. Nimeosha maiti wa mtaa wetu, sikuwahi kurudi nyuma. Siku ile nilirudi nyuma mpaka nikagonga pazia.

Nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Karangamuntu yako iko wapi, Mama?"

"Iko mu sakoshi," akasema. "Siku zote iko mu sakoshi."

"Hii ni ya tangu lini?"

"Tangu mwaka ulioanza kazi. Ilikuwa kama haragi moja tu. Ilikuwa haiume."

Sakoshi ni mkoba, haragi ni punje ya haragwe. Nilikaa chini sakafuni. Milio ikaisha kule juu, sikujua iliisha saa ngapi. Akanieleza taratibu, kama anayeeleza kwa nini mshono umepinda. Mwanzo haikuuma, na kitu kisichouma si ugonjwa. Halafu dokta wa hospitali ya juu ni mwanaume, na mwanaume mmoja tu ndiye aliyewahi kuliona titi lake, naye amekufa. Halafu jirani akamwambia ikiguswa na kisu inasambaa, mganga akamwambia amerogwa, akanywa dawa zake za miti mwaka mzima. Halafu bariyeri. Kila mwezi aliosema ataenda, njia ilifungwa. Nikamuuliza kwa nini alinificha hata mimi, sisi tuliokula sahani moja.

"Mi niko nashika kifua cha wanamuke bote ba huku," akasema. "Bakijua changu kimeoza, nani atavua nguo mbele yangu? Na wewe ungekula nini?"

Basi nami nilikuwa ndani ya sababu zake. Hilo nimelibeba.

Tulienda hospitali asubuhi yake. Kwenye bariyeri ya pili mwanajeshi aliyekuwa anapekua wanawake, kijana, akaona kifua kimevimba upande mmoja akatia mkono. Akauliza ameficha nini. Mama Mwamini akamjibu kwa upole kabisa kwamba ni ugonjwa, mwanangu. Yule kijana aliondoa mkono kama aliyeshika jiko, akaufuta kwenye suruali, akatufungulia njia bila kuuliza karatasi. Tulikuwa tumeogopa bariyeri ile miaka minne.

Dokta alikuwa mwanaume kweli, mzee, amechoka, mwenye adabu kuliko wanaume wengi niliowajua. Alimfunika shuka kabla ya kumwangalia. Alichosema kilikuwa kifupi: tumechelewa, watamsafisha, watampa dawa ya maumivu. Anfirmiye wake, yaani muuguzi, mwanamke anayeitwa Esperansi, aliyefanya kazi pia kwenye dispansere ya Buyenzi, akanivuta pembeni akaniuliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema fundi wake wa sutiye. Akanitazama.

"Fundi? Basi si unampima?"

Kesho yake nilimpelekea kaye. Sijui nilitaka nini, labda anisafishe. Akafungua ukurasa wa Mama Mwamini, akapitisha kidole kama mimi ninavyosoma. 24 na 24. 25 na 24. 26 na 24. 28 na 24. Hakunigombeza. Akasema tu, "Mama Idi, kaye yako iliona mbele ya dokta."

Ningependa angenipiga. Niliandika ugonjwa wa mtu aliyenilisha, kwa mkono wangu, tarehe kwa tarehe, na kila ulipokua niliushonea chumba kikubwa zaidi. Mimi niliyejivunia tarakimu. Mpaka leo nikiona 28 popote, hata kwenye namba ya nyumba, nageuza uso.

Mama Mwamini alifariki kabla ya mvua kuisha. Wiki yake ya mwisho alikuwa na neno moja: Zaituni. Huyu alikuwa binti yake, ana miaka ishirini na saba, ameolewa Nyakabiga, ana watoto wawili. Akaniambia niangalie ukurasa wake kwenye kaye. Tena akaniambia nisikubali kuambiwa haiume.

Niliangalia. Zaituni tulimpima wakati wa harusi, mwili mtupu, sheria ya zamani: 22 na 22. Mwaka uliopita, kushoto 23. Nilikimbia kwa Esperansi. Akanituliza, akasema sentimita moja si ugonjwa, wanawake wengi hawalingani, metre haiwezi kusema. Mkono ndio unaosema, mkono uliofundishwa. Lakini namba iliyohama ni sababu ya kumwita, na mama yake ni sababu ya pili. Mlete.

Kumleta. Nilienda Nyakabiga mara tatu. Mara ya kwanza Zaituni alisema haimuumi, nikatoka nje nikalia ukutani. Mara ya pili alisema mama alienda hospitali akatoka maiti, basi hospitali ndiyo inayoua. Mara ya tatu nilimkuta mumewe, Salumu, karani, mtu mpole anayekunja karatasi anapoongea. Akasema hakatai, ila hakuna mwanaume atakayemvua mkewe, na njia ile ni ya hatari. Tungoje vita iishe. Aliongea kwa akili kabisa. Vita iliisha miaka minane baadaye. Uvimbe hausikilizi redio.

Hapo nikatumia ujanja, na ujanja wenyewe ulikuwa wa mtu wa darasa la tatu. Nilimtumia Zaituni habari kwamba sikukuu ya Idi inakaribia na mama yake aliniachia kitambaa chake, aje nimpime. Hilo la kitambaa lilikuwa kweli. Esperansi nikamvika aproni, nikampa metre, nikamwambia akae nyuma ya pazia kama mwanafunzi wangu mpya.

Zaituni akaingia, akavua bila neno. Nawaambia, wasichana, hilo lilinishangaza na linanishangaza mpaka leo. Mwanamke aliyekataa hospitali mara tatu alivua nyuma ya kipande cha pazia cha maua kwa sababu kuna mashini upande wa pili. Esperansi akamsogelea. Akaishika metre akaanzia kwenye sitini badala ya kwenye sifuri.

Zaituni akaitazama metre, akamtazama yeye.

"Dada, we si fundi. Fundi hashike metre kama nyoka."

Esperansi akaishusha metre. Zaituni akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, akasema mama yake angemfukuza mwanafunzi wa namna hiyo kabla ya chai. Kisha kicheko kikageuka, akawa analia kweli, ameshika nguo kifuani. Nikajua nimempoteza. Nikamwambia wazi huyu ni nani na nilimleta kwa nini, na nikasema maneno ya mama yake yote, hata la haiume.

Akajifuta uso. Akaniuliza, "Na wewe, Mama Idi, nani amekupima?"

Hakuna. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, nimeshika vifua vya nusu ya mji huu, na changu hakijaguswa na mtu tangu lori lile. Miezi mitano nilikuwa namwandama mtoto wa watu kwa jambo ambalo mwenyewe sijalifanya, wala halikunipita akilini. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni.

"Basi anza wewe," akasema.

Nikavua. Mbele ya mtoto niliyemshonea sutiye ya harusi. Esperansi akaniinua mkono nyuma ya kichwa, akapita kwa vidole vitatu vilivyolala, duara ndogo ndogo, kuanzia kwapani, hakuruka mahali. Alijifunza kama sisi tunavyojifunza, kwa vidole. Haikuchukua muda wa kutia uzi kwenye mashini. Akasema sijambo. Zaituni alikuwa amesimama ananishikia blauzi. Akanirudishia, akainua mkono wake mwenyewe.

Kushoto, chini kidogo ya kwapa, vidole vya Esperansi vilisimama. Vikarudi, vikasimama tena palepale. Akachukua mkono wangu akauweka. Haragi moja.

Nilimwendea Salumu jioni ile kabla giza halijaingia. Sikumbembeleza. Nilimuuliza kama anajua kulea wawili peke yake, kwa sababu mimi nalea watatu na ninaweza kumweleza inavyokuwa, tangu asubuhi ya kwanza. Nikamweleza. Akaacha kukunja karatasi. Kesho kutwa alivuka bariyeri zote na mkewe, amembebea sakoshi mbele ya watu, na wakati dokta anamwangalia alikaa ndani chumbani, Esperansi alimwekea kiti. Kumbe hilo tu alikuwa analihitaji, kiti. Walikata titi lote, ndivyo ilivyokuwa wakati ule. Dokta akasema wamewahi.

Miezi miwili baadaye Zaituni alikuja dukani amejifunga mtandio, akakaa kwenye benchi la mama yake.

"Unishonee mfuko," akasema. "Wa kushoto."

Nikavunja sindano mbili. Kujaza ndiko kulitusumbua. Pamba ni nyepesi, ilipanda mpaka shingoni. Mchele ulinuka ukipata jasho. Tukaishia kwenye mtama uliooshwa na kukaushwa, tukaupima kwenye mizani ya duka la jirani dhidi ya titi lililobaki kwa kukisia, tukicheka kama wezi. Ulitulia, una uzito, unalala vizuri. Zaituni akatembea huku na huku, akasema njaa ikizidi atajipika uji. Mfuko ule unabadilishwa mtama kila mwaka. Nimeubadilisha mwenyewe mpaka mwaka jana.

Toka hapo tulifanya hivi mpaka vita ikaisha na baada yake. Sheria ya zamani ilirudi: mteja anavua, karatasi zake anashikiwa na aliyekuja naye, mbele ya macho yake. Alhamisi Esperansi anakuja, na hana aproni, anasema yeye ni nani. Wateja wanakuja watatu watatu, kwa sababu mmoja peke yake anarudi kwao akifika kona ya barabara, nimewaona kwa macho yangu. Mimi naanza. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwaka navua wa kwanza, na hata aliyenizidi umri hajasema anaona haya. Mume akitaka kuja, kiti kipo. Anayesema haimuumi namwonyesha ukurasa wa Mama Mwamini, namba tupu, sisemi kitu. Siyo wote tuliowawahi. Wengine walitoka nje ya pazia wakaenda kwa mganga wa miti, na kitambaa chao nilikuja kukishona sanda. Kila mara nilishtuka kama mara ya kwanza. Mkiona mmeacha kushtuka, acheni kazi.

Sasa vyangu. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Buyenzi, mabati mapya. Nina mashini mbili, moja ya pedali, moja ya umeme nisiyoipenda. Nina kaye kumi na nne, wajukuu saba na jozi ya miwani. Nina metre ya Mama Mwamini, imefutika kati ya ishirini na thelathini. Nina sutiye yake ya mwisho, nimeifua, mfuko nimeufumua. Nina matiti mawili. Yamepimwa Alhamisi iliyopita, na aliyenishikia blauzi ni Zaituni.